Gitaa Lenye Ubapa

Mwalimu Beatrisi alilitoa gitaa kwenye mfuko wake, akalilaza juu ya meza ya kazi, akalipangusa vumbi lisilokuwepo. Saleha, aliyekuwa nyuma ya pazia la turubai akipiga msasa, alimwona, na moyo wake ukamshtuka kabla mgeni hajafungua kinywa. Mtu aliyefurahia kazi ya fundi hairudishi akiipangusa vumbi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwalimu. Habari za Muheza?” Uweso aliinuka kwenye kigoda, akageuka pembeni akakohoa, kisha akajifuta mikono kwenye suruali. “Vijana wamelipenda?”

“Mzee, nimekuja na neno zito kidogo. Naomba usinichukie.”

“Sema tu, mwanangu. Nyuzi zinalia?”

“Nyuzi hazina neno. Sauti nayo haina neno.” Beatrisi alitazama chini, kwenye maranda yaliyojaa sakafuni. “Vijana wanasema hili silo lenyewe. Wanasema ni bandia.”

Uweso alicheka. Alicheka kwa moyo mweupe, kama mtu aliyeambiwa kuwa mama yake si mama yake. “Bandia ya nini?”

“Ya lile la Ayubu, wa kule Usagara. La Ayubu lina ubapa hapa chini, tumboni. Unaliegemeza kwenye paja, linatulia kama mtoto aliyeshiba. Hili lako tumbo limejaa, linateleza. Kristofa, mpigaji wetu, alilishika mara moja tu akaniambia, mwalimu, umeuziwa la kuigiza.”

Kicheko cha Uweso kilikatika. Alilichukua gitaa, akalipakata, akapitisha kiganja chake kwenye mkunjo wa chini, taratibu, kutoka kiunoni mpaka kwenye kishikizo cha mkanda. Saleha aliufahamu mpito ule wa mkono. Miaka yote ya ndoa yao alikuwa akiuona kila gitaa linapokamilika, na kila mara mumewe alimalizia kwa kusema alhamdulillahi. Leo hakusema.

“Mwalimu,” alisema mwishowe, “umbo hili ni la hapa. Ayubu alilichukua hapa.”

“Sikatai, mzee. Lakini mimi siimbi peke yangu. Kwaya zote za makanisa ya kwetu zinataka magitaa kabla ya mashindano, na oda hiyo niliwaambia nitaileta kwako. Niliwaambia kuna mzee mmoja mwaminifu, anafanya kazi na mkewe. Sasa wameliona hili, wanasema hapana, twende kwa Ayubu. Ayubu ni ghali kuliko wewe. Mimi nafsi yangu napenda nikuungishe wewe.” Alisita. “Huwezi kuliwekea huo ubapa tu?”

Uweso alilirudisha gitaa mezani. Saleha akatoka nyuma ya turubai, kanga yake imejaa unga wa mbao, akasema, “Tuachie mpaka Jumamosi, mwalimu. Tutakupigia.”

“Haya, mama. Jumamosi. Zaidi ya hapo watanizidi nguvu.”

Tangu Ramadhani iishe hapakuwa na oda nyingine iliyoingia pale Makorora, ila kiti cha kurekebisha mguu na fremu ya kitanda ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Mwenye kibanda alishapita na mtu wa vipuri vya bodaboda aliyekitaka, wakapima mlango kwa hatua huku wakiwasalimia vizuri.

*

Saleha alijua ubapa ule ulitoka wapi.

Kigezo cha Uweso kilikuwa kipande cha plaiwudi kilichotundikwa karibu na mlango. Mchwa walikula ukingo wake wa chini mwaka mmoja wa mvua nyingi, wakaacha sehemu iliyonyooka pale palipotakiwa kuwa na mviringo. Uweso hakukata kingine. Mkono wake ulijua. Alichora kwa kukifuata kigezo mpaka afike pale palipoliwa, hapo akakiacha na kuendelea mwenyewe kwa penseli, akiurudisha ule mviringo uliokuwapo zamani. Hakuna aliyefundishwa hilo kwa maneno. Mwanafunzi aliliona siku aliyorudisha ubao wa kwanza.

Maana ndivyo walivyoishi mafundi wa Tanga. Fundi hamnyimi fundi mwenzake kigezo, awe wa kabati, wa mlango au wa gitaa. Anakitungua ukutani anakupa. Wewe ukishakata ubao wako wa kwanza huuzi, unaurudisha kwa mwenye kigezo aushike. Yeye ndiye atakayekuambia hapa umezidisha, hapa umekata sana, hapa kigezo kinadanganya. Ndipo unakuwa na ruhusa.

Ayubu alikuja kipindi kile Uweso amelala na kifua. Alikuja kistaarabu, na machungwa mfukoni, akamjulia hali mgonjwa, kisha akamwambia Saleha, “Mama, naazima kigezo cha gitaa.” Saleha akakitungua. Alikumbuka ile sehemu iliyoliwa na mchwa, na kidole chake kilikwisha kuielekea amwonyeshe. Lakini mgonjwa aliomba maji kutoka chumbani, naye akajisemea, hata hivyo ataleta ubao wa kwanza, mwenyewe atamwonyesha.

Kigezo kilirudi baada ya siku chache kwa mkono wa mtu wa toroli. Ubao wa kwanza haukurudi. Sasa magitaa ya Ayubu yalikuwa kwenye harusi, kwenye mahoteli ya Pangani, kwenye makanisa ya Muheza mpaka Amani, kila moja na ule mdomo wa mchwa tumboni, na watu wakausifu.

*

“Nendeni kwenye Umoja,” alisema Hasina.

Hasina alikuwa binti yao, aliyerudi nyumbani na talaka yake na kikaango, naye alikaanga viazi karai barazani kila jioni. Alisema bila kugeuka, macho kwenye mafuta.

“Umoja wa mafundi unahukumu milango iliyopinda,” alisema Uweso. “Gitaa wataliweza wapi?”

“Baba, hata mimi hapa, yule Thuwaiba wa nyumba ya pili kaanza kutia bizari kwenye viazi kama mimi. Nilimwendea nikamwambia, dada, rangi hiyo naijua. Kaona haya mwenyewe. Wewe umenyamaza, mwenzio keshakuwa fundi mkuu.”

“Na Thuwaiba kaacha kutia bizari?”

“Hakuacha. Lakini sasa anajua kwamba najua.”

Uweso alitabasamu kidogo, akachukua kiazi akakivunja, hakukila. Saleha aliketi karibu yake kwenye mkeka.

“Baba Hasina, tuwaambie. Wapo wazee wanaokumbuka gitaa la marehemu baba yako. Mwenyekiti mwenyewe, Mzee Rahimu, anakumbuka. Wakisema umbo ni lako, Mwalimu Beatrisi atapata la kuwaambia vijana wake.”

“Sipendi kugombana juu ya ubao.”

“Si ubao,” alisema Saleha. “Ni kibanda. Ni dawa yako ya kifua. Ni huyu hapa na kikaango chake. Mungu ametupa riziki kwa mikono yako, mtu kaichukua, na sisi tumekaa tunasema hatupendi kugombana.”

Alisema kwa ukali kuliko alivyokusudia, kwa sababu alikuwa akijisema na yeye. Uweso alikiweka chini kile kiazi.

“Haya,” alisema. “Nitakwenda. Na wewe twende, maana wewe ndiye uliyekitoa.”

*

Umoja wa mafundi seremala ulikutana siku ya Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mbele ya duka la mbao. Walikalia magogo na mabenchi mapya ambayo hayajapigwa vanishi. Mwenyekiti, Mzee Rahimu, alikuwa fundi wa milango ya nakshi aliyeacha kazi kwa sababu ya macho, na watu walimheshimu kwa kuwa hakuwahi kumpendelea mtu. Ayubu alifika kwa pikipiki, amevaa shati lililopigwa pasi, ana gitaa lake mgongoni. Alimsalimu Uweso kwanza kuliko wote.

“Shikamoo, mzee wangu. Kifua?”

“Marahaba. Kipo, tunashukuru.”

Hapakuwa na chuki usoni mwa Ayubu. Saleha aliyekuwa amekaa nyuma ya wanaume aliitafuta chuki hiyo, akatamani ingekuwepo.

Uweso alieleza kwa ufupi: kigezo ni chake, Ayubu alikiazima, ubao wa kwanza hakuuleta, na sasa wateja wanaliita gitaa lake bandia. Aliweka magitaa mawili pamoja juu ya benchi, lake na la Ayubu. Mafundi wakainama kuyatazama. Pembe ya juu ndefu, sawa. Pembe ya chini fupi, sawa. Kiuno, sawa. Kisha tumbo, moja mviringo, jingine limekatwa kama mkate uliogusa ukuta wa tanuri.

“Ayubu,” alisema Mzee Rahimu, “ulikichukua kigezo?”

“Nilikichukua, mwenyekiti. Mama yule pale ndiye aliyenipa. Sikatai.”

“Ubao wa kwanza?”

“Sikuleta. Nilikuwa na oda ya haraka, mzee alikuwa kitandani, nikaona nimsumbue nini. Kwa hilo nina kosa.”

“Faini ya ubao wa kwanza ni soda za kikao,” alisema mtu mmoja, na watu wakacheka. Ayubu akatoa hela palepale akamtuma mtu dukani. Saleha aliona jinsi jambo lililokuwa likimnyima usingizi lilivyolipwa kwa soda.

Aliinua mkono. Si kawaida mwanamke kusema pale, lakini Mzee Rahimu alimruhusu.

“Ule ubapa ni mchwa,” alisema Saleha. “Kigezo kimeliwa na mchwa. Kileteni mkione. Huyu alichora mdomo wa mchwa akadhani ndilo umbo. Ubapa huo ndio ushahidi kwamba alilitoa kwetu.”

Kigezo kililetwa, kikawekwa juu ya gitaa la Ayubu, kikalala sawasawa mpaka ukingo. Mafundi walinguruma kwa kukubali, na moyo wa Saleha ukapanda.

Ayubu alikuna kidevu. “Mama amesema kweli, na mimi leo ndiyo najua kuwa ni mchwa. Lakini mwenyekiti na wazee wangu, naomba niulize. Mzee Uweso, wewe umewahi kutengeneza gitaa lenye ubapa huu?”

“Sijawahi. Ni kosa.”

“Hata moja?”

“Hata moja.”

“Basi hawa watu wanaokuja kwangu, hawaji kwa sababu ya pembe. Pembe hata magitaa ya Kichina yanazo. Wanakuja kwa huu ubapa, linakaa pajani. Huu hukuutengeneza wewe. Umesema mwenyewe ni kosa.”

Mzee Rahimu alifumba macho yake mabovu. Kisha akasema litakalokuwa neno la mwisho, kwa desturi ya Umoja, pale maneno yanapokuwa mengi: kila mmoja aape, kwa kitabu chake, na kikao kitafuata kiapo. Msahafu uliletwa kutoka dukani umefungwa kwa kitambaa cheupe, na Ayubu, aliyekuwa Mkristo wa Kibondei, akafungua Agano Jipya dogo alilokuwa nalo mfukoni.

“Uweso,” alisema mwenyekiti, “uko na udhu?”

“Ninao.”

“Utaapa kwamba umbo hili ni lako, halikutoka kwa mtu mwingine. Ukiapa, kikao kimekwisha, Ayubu ataacha.”

Saleha aliuona mkono wa mumewe ukinyanyuka. Akasema moyoni, ya Rabi, msaidie. Mkono ule ulifika juu ya kitambaa cheupe, ukasimama hapo, haukugusa.

“Mwenyekiti,” alisema Uweso, “niseme kwanza.”

“Sema.”

“Umbo hili nililikuta kwa baba yangu, Shaib. Yeye alilichora kutoka gitaa la mpigaji mmoja wa Mombasa aliyeliacha kwetu litengenezwe. Alilizungushia penseli ya seremala, na penseli ile ni nene, kwa hiyo likatoka kubwa kuliko lenyewe. Mbao aliyokuwa nayo ilikuwa nyembamba, pembe ya chini haikutosha, akaikata fupi. Wapigaji wakaona mkono unafika chini kwenye nyuzi vizuri zaidi, wakaipenda. Hiyo pembe fupi mnayoiona ni upungufu wa mbao.” Alikohoa, akangoja kifua kitulie. “Na lile gitaa la Mombasa, baba alipolifungua ndani alikuta maandishi ya Kijapani. Mwenye gitaa alikuwa akilisifu kuwa ni la Marekani. Kwa hiyo nalo lilitolewa kwenye jingine. Mimi nilipokea, nikapunguza ukubwa, nikajaza tumbo. Siwezi kuweka mkono hapa nikasema halikutoka kwa mtu. Limetoka kwa watu.”

“Basi sema limetoka kwa baba yako,” alinong’ona fundi aliyekaa karibu. “Inatosha hiyo.”

“Kiapo hakikuulizwa hivyo.”

Mzee Rahimu akamgeukia Ayubu. Ayubu aliweka kiganja juu ya Agano lake, akafikiri, akachagua maneno yake kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

“Naapa kwa Mungu wangu kwamba gitaa lenye ubapa huu hakuna aliyelitengeneza kabla yangu.”

Na ilikuwa kweli. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba ilikuwa kweli, Uweso akiwa wa kwanza, kwani aliinamisha kichwa na kukiitikia kiapo kile. Saleha aliwatazama wanaume wawili waliosema kweli tupu mbele ya Mungu, na akaona kwamba mmoja wao amekwisha.

Hukumu ilitolewa kwa upole. Uweso atengeneze la tumbo, Ayubu atengeneze la ubapa. Mmoja asivuke mstari wa mwenzake. Wapeane mikono. Wakapeana, kila mmoja akasema, “Nimekubali,” mzee mmoja akasoma dua, na soda zikagawiwa. Mafundi walisifu kwamba hukumu imekaa sawa, haikumwonea mtu. Walipokuwa wakitawanyika Ayubu alimshika Uweso begani.

“Mzee wangu, moyo wangu mweupe kwako. Ukiona kazi zimekuwa chache, njoo kwangu. Shingo zinanishinda. Vijana wangu wanazipinda.”

“Ahsante,” alisema Uweso. “Mungu akuzidishie.”

*

Walirudi kwa miguu, Uweso mbele, Saleha nyuma na kigezo kwapani. Walipofika penye kona ya nyumba yao, pasipo na watu, Saleha alisema.

“Ungeapa.”

“Ningeapa nini?”

“Kila mtu pale alitaka uape. Mzee Rahimu alikuwa anakutafutia njia. Hata Ayubu alishajua ameshindwa.”

“Mungu je? Naye alitaka niape?”

“Mungu anajua jasho lako.”

“Anajua,” alisema Uweso. “Ndiyo maana sikutaka nimwambie uongo mbele ya msahafu wake, Saleha. Ana mambo mengi ya kunishika. Nisimwongezee.”

Kumwita kwa jina kulimwonyesha kwamba amechoka kabisa, maana hakumwita jina lake ila kwenye ugonjwa. Saleha alitaka kumwambia juu ya kidole chake kilichokuwa kimekwisha kuuelekea ukingo wa kigezo siku ile, na maji aliyokwenda kuyachota. Akaogopa kwamba angemsamehe. Akakihamishia kigezo kwapa la pili.

Hasina aliwakuta mlangoni na sahani. Alizitazama nyuso zao, akairudisha sahani ndani.

“Bizari inaendelea,” alisema polepole, na hakuna aliyecheka.

Ijumaa ilipita. Uweso alikwenda msikitini mapema, akakaa baada ya watu kutoka. Aliporudi alitundika kigezo mahali pake, akakata bodi tatu za gitaa, za mtiki, kwa ajili ya oda ambayo haikuwa yake bado, zote na matumbo ya mviringo. Saleha alimwuliza anamkatia nani. Alisema mbao zikikaa zitapinda.

*

Jumamosi asubuhi alifariki mtu mtaa wa nyuma, na Uweso akaenda maziko. Saleha alibaki peke yake kibandani. Simu ikalia.

“Mama, ni Beatrisi. Niko stendi ya Muheza, nataka kupanda gari. Niambie tu ukweli. Nije kwenu au nishukie Usagara?”

Saleha alilitazama gitaa lililolala mezani. Rangi yake ya kahawia aliipaka yeye, kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, akingoja kila moja ikauke. Aliiona pia ile alama ya chokaa kwenye mwimo wa mlango, pale mtu wa vipuri alipopimia rafu zake.

“Njoo kwetu,” alisema. “Ubapa umewekwa.”

“Umewekwa?”

“Umewekwa, mwanangu. Njoo.”

Alikata simu, na sasa uongo ulikuwa umeshatoka. Alisema astaghfirullah mara nyingi, bila kuhesabu, huku akitafuta tupa. Aliliegemeza gitaa kwenye banio la mbao, akaweka kipande cha kanga lisichubuke. Mkono wake ulizoea msasa, haukuzoea tupa. Meno ya tupa yaliporuka mara ya kwanza juu ya vanishi yalitoa sauti iliyomwingia kwenye meno yake mwenyewe. Kisha mbao nyeupe ikatokea chini ya rangi, na baada ya hapo hapakuwa na kurudi, kwa hiyo akaendelea. Alikata kwa haraka, jasho likimdondokea, akipima kwa jicho, akikumbuka gitaa la Ayubu lilivyokuwa juu ya benchi. Alizidisha upande wa kulia. Akajaribu kusawazisha kushoto, akazidisha huko pia.

Hakusikia viatu. Aliposikia kikohozi, Uweso alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, udongo wa makaburini kwenye vidole vya miguu.

Saleha aliacha tupa. Alingoja apigiwe kelele, akatamani apigiwe. Miaka yote hakuwahi kupigiwa kelele na mtu huyu.

“Nilimwambia aje,” alisema. “Yuko njiani. Hatuna kitu kingine, baba Hasina. Hatuna.”

Uweso alikuja mpaka mezani. Alitazama kile kidonda cheupe kwenye tumbo la gitaa, akakigusa. Alikiangalia kwa jicho moja, akiinamisha kichwa, vile anavyoangalia mstari.

“Umeinamisha tupa,” alisema. “Limekwenda mshazari.”

“Sikujua.”

“Ukiliacha hivi litapasuka hapa, penye nyuzi za mbao.”

Alisimama. Saleha alimwona akikitazama kiganja alichompa Ayubu siku ya Alhamisi, akifikiri kitu kirefu, kisha akaona fikra hiyo ikimtoka usoni kama mtu aliyeweka mzigo chini. Uweso aliitundika kofia yake, akapandisha mikono ya shati, akachukua tupa kutoka kwenye meza. Alianza kuusawazisha ubapa, kwa mipigo mirefu, taratibu, kama kazi yoyote. Alipomaliza ulikuwa umenyooka kuliko wa Ayubu. Akampa msasa, Saleha akapiga msasa. Akampa rangi, akapaka.

Beatrisi alifika rangi ikiwa haijakauka vizuri. Alilipakata gitaa juu ya goti, kwa uangalifu asijipake, akaliachia kidogo kwa mkono mmoja. Lilitulia.

“Sasa hili ndilo,” alisema, na uso wake wote ulikuwa furaha ya mtu mwema aliyeponyoka aibu. “Kristofa atanyamaza leo. Mzee, kumbe unaweza kabisa kulitengeneza la Ayubu.”

“Inshallah,” alisema Uweso.

“Basi yote yawe hivihivi. Msibadilishe chochote.” Alihesabu hela ya utangulizi, akamkabidhi Saleha, akamwombea Uweso kifua chake kipone kwa jina la Yesu, Uweso akaitikia kwa adabu. Kisha akaondoka na gitaa begani, kiganja chini yake kukinga rangi.

Adhana ya adhuhuri iliadhiniwa wakati anavuka barabara. Saleha aliweka kopo la maji ya udhu mlangoni, karibu na mguu wa mumewe, kama kila siku. Majirani walikuwa wakipita kuelekea msikitini, wengine wakiwa wametoka naye makaburini.

“Mzee Uweso, twende,” aliita mmoja.

“Tangulieni.”

Yule jirani alisimama, kwa sababu hakuwahi kulisikia neno hilo kwake, kisha akaendelea na njia. Uweso aliketi kwenye kigoda. Vumbi jeupe lilikuwa limejaa kwenye mikono yake mpaka viwikoni.

“Maji haya hapa,” alisema Saleha.

“Nimeyaona.”

“Baba Hasina.”

“Niache kwanza.”

Alimwacha. Kipaza sauti cha msikiti kilikwaruza, sala ikakimiwa. Kutoka kibandani walisikia kila takbira ya imamu, wakaisikia sala nzima tangu mwanzo wake mpaka imamu alipotoa salamu kulia, na kushoto. Sauti za watu wakitoka zikaanza kusikika njiani. Lile kopo lilikuwa palepale, limejaa.

Uweso aliinuka, akaliruka, akaenda kwenye meza ya kazi na kuichukua tupa.

“Lete bodi ya pili,” alisema.